Jumanne Iliyotuna

Na ifahamike kwa walimwengu wote, walio hai, waliokufa, na walio Kidato cha Kwanza, kwamba sura hii itafichua mambo matatu ambayo wenye akili wameyatafuta tangu dunia ilipokuwa vumbi tupu: maana ya uhai, asili ya wakati, na kiini cha mamlaka. Wenye kofia wazivue. Wenye kikohozi wakohoe sasa.

Kwa kweli sura hii inahusu tumbo la Bi Mwanaheri.

Bi Mwanaheri ni mpiga kengele wa shule, na tumbo lake liko hapa pamoja naye, ndani ya toroli la kubebea matofali, chini ya blanketi la kijivu, mbele ya lango lililofungwa. Lango lina bawabu, Bwana Lubango. Amekaa kwenye kigoda chake na daftari kubwa mapajani, na amekwisha sema hapana mara tatu. Ng'ambo ya lango kuna barabara, na mwisho wa barabara kuna hospitali, na ndani ya hospitali kuna daktari wa upasuaji. Msimulizi wa habari hizi si mtu wa shule. Msimulizi ni mpita njia, amejifunika khanga mpaka puani kwa sababu ya vumbi, na amesaidia kulisukuma toroli kwa huruma tu. Sheria ya lango inamkataza bawabu kumkatiza mpita njia anayesimulia. Ni sheria ya kijinga, lakini leo ndiyo pekee iliyobaki.

Basi sikiliza, Bwana Lubango. Nawe umo humu, usikasirike utakapojikuta.

Shule hiyo haina jina. Ilikuwa nalo zamani, wakalitumia vibaya, likafutwa. Haina saa vilevile. Wakati wote unaotumika pale unatoka kwenye kifundo cha mkono wa kushoto wa Bi Mwanaheri. Asubuhi anakaa chini ya rimu ya lori iliyoning'inizwa kwa mnyororo, anaweka vidole viwili juu ya mshipa, anahesabu mapigo elfu tatu, kisha anainuka na kuigonga rimu kwa nondo. Hicho ni kipindi kimoja. Mapigo elfu tatu mengine, kipindi cha pili. Mkuu wa shule, ambaye watu humwogopa hata akiwa usingizini, hali mpaka rimu ilie. Walimu hawamalizi sentensi mpaka rimu ilie. Jua lenyewe, wanasema, hutega sikio. Kila aliyesoma pale amekua kwa moyo wa mtu mwingine, na wengi wameondoka bila kusema asante, kwa sababu nani hushukuru Jumatatu?

Hapo palikuwa na msichana mmoja wa Kidato cha Tatu, jina lake Semeni. Macho yake yalikuwa ya kuomba radhi, mikono yake ilikuwa ya kutenda kosa, na viungo hivyo havikuwahi kushauriana. Semeni ndiye aliyegundua kile ambacho vizazi vya wanafunzi vilikikosa: ikiwa wakati ni moyo, basi wakati unaweza kutishwa.

Alichukua mpira wa ndani wa baiskeli, akaukata, akaujaza mchanga, akauchora macho kwa chokaa. Kabla ya kipindi cha Hisabati akauburuza kwa uzi kwenye majani, karibu na miguu ya Bi Mwanaheri. Bi Mwanaheri akaruka, akapiga yowe, moyo ukatimua mbio, na mapigo elfu tatu yakaisha kabla mwalimu hajafuta ubao. Darasa zima likambeba Semeni mabegani. Kuanzia siku hiyo Hisabati haikuwahi kukomaa katika shule ile.

Na mapumziko? Mapumziko alifanya kinyume chake. Alichukua kitana, akakaa nyuma ya Bi Mwanaheri, akamsuka nywele polepole huku akimnong'oneza habari za bweni, nani amegombana na nani, nani amekutwa na kopo la asali chini ya godoro. Moyo wa Bi Mwanaheri ukapoa, ukatembea kama ng'ombe aliyeshiba, na mapumziko yakarefuka mpaka chai ikaota utando.

"Semeni mwanangu," Bi Mwanaheri alimwambia siku moja, macho amefumba, "unafikiri sijui unachofanya?"

"Nafanya nini, Bi Mkubwa?"

"Unanikimbiza na kunituliza kama redio. Sawa. Lakini huyo nyoka wako ipo siku ataniua."

Wakacheka wote wawili. Wenye swali la mamlaka, jibu lenu hilo: nyoka wa mpira na kitana. Hapakuwa na zaidi. Msimulizi alidhani patakuwa na zaidi.

Sasa lango. Bwana Lubango, keti vizuri.

Desturi ya lango ni kwamba maradhi yasiyo na jina hayatoki. Mgonjwa huletwa amefunikwa blanketi la kijivu, uso na yote, kwa ajili ya stara. Bawabu hamwoni na hamuulizi yeye ni nani. Anauliza mambo matatu tu: jina la maradhi, maana yake, asili yake. Akijibiwa vyema anaandika neno katika daftari, na lango linafunguka. Yanayoandikwa ni maradhi. Mgonjwa haandikwi, kana kwamba maradhi ndiyo yanayotembea na mtu ni nguo tu yaliyoivaa. Msimulizi amelifikiria jambo hilo sana, hasa siku za hivi karibuni, na bado hajaona kosa lake liko wapi, ila anajua lipo.

Lakini jibu likirudi kutoka hospitali kwamba hapakuwa na maradhi, ilikuwa hila, bawabu analipiga neno mstari wa wino mwekundu. Neno lililopigwa mstari halitoki tena. Hata aje mwenye maradhi hayo kwelikweli, akivuja damu kwenye viatu vya bawabu, halitoki. Mpaka aliyedanganya aje mwenyewe, uso wazi, aseme uongo ulikuwa wake. Hapo neno husafishwa, na yeye hupewa jina hilo alichukue, awe analiitikia maisha yake yote shuleni. Mpishi wa pale anaitwa Surua. Hakuna anayekumbuka alivyoitwa na mama yake. Mwalimu wa Jiografia, mtu wa heshima, mwenye mke na suti mbili, watoto humwamkia kila asubuhi, "Shikamoo, Mwalimu Kichomi," naye anaitika "Marahaba," na anatazama pembeni.

Ikaja Siku ya Wazazi. Mama wengi walichelewa, kwa kuwa njia ya kwenda mahali pasipo na jina ni ngumu kuuliza. Bi Mwanaheri akavuta pumzi ndefu, akaubembeleza moyo wake mwenyewe ili siku isiishe, na mmoja mmoja wakafika, na vikapu vyao na machozi yao. Mama wa Semeni hakufika. Bi Mwanaheri aliushikilia mchana ule mpaka midomo ikawa ya kijivu, akimtazama Semeni aliyesimama langoni, kisha moyo ukamshinda, akainuka na kugonga.

Jumamosi iliyofuata Semeni aliingia maktaba, mahali ambapo huwa haingii mtu ila kwa adhabu, akakuta kamusi ya tiba iliyopoteza jalada. Akafungua mwanzoni, maana alikuwa mvivu wa kufunua. Neno likamtazama. Akajifunika blanketi la kijivu, akaja hapa.

"Jina?" akauliza Bwana Lubango.

"Aneurisimu," likajibu blanketi.

Bwana Lubango akalamba ncha ya kalamu. "Mbona kama jina la malkia? Maana?"

"Ni mshipa mkubwa wa damu, Bwana, ule unaotoka moyoni. Ukuta wake umedhoofika mahali pamoja, ukatuna kama puto. Damu ikifika hapo inazunguka badala ya kupita."

"Asili?"

"Kiyunani cha kale. Waganga wa huko waliuona uvimbe huo wakaupa neno lao la kupanuka. Kufanywa pana."

"Kupanuka tu?"

"Kupanuka tu, Bwana."

"Mbona halitishi?"

"Ndiyo maana linaua."

Kwa jibu hilo Bwana Lubango alisimama kwa heshima, akafungua lango, akaliombea blanketi dua. Blanketi likatembea barabarani kwa kuchechemea mpaka kwenye kona. Baada ya kona likakimbia. Halikwenda hospitali. Lilikwenda sokoni, likakaa kwenye benchi la mama mmoja wa muhogo, likala vipande vitatu vya muhogo wa kukaanga, kila kipande kimelowekwa ukwaju mzito uliozidishwa chumvi, likalamba vidole, na likatazama kila mwanamke aliyepita na kikapu, endapo mmoja angekuwa amepotea njia kwa wiki nzima. Kisha likarudi.

Siku ya tatu ikaja barua ya hospitali: *Hapakufika mgonjwa.* Wino mwekundu. Semeni alipopata habari alicheka mpaka akalala sakafuni. Neno moja la Kiyunani limekufa, nani atalihitaji? Nani, katika shule ya watu mia nne, atakuja kuumwa Kiyunani?

Hapa msimulizi anaomba maji. Hapana? Basi.

Leo ni Jumanne. Imekuwa Jumanne kwa muda mrefu sana.

Asubuhi Semeni alimburuza nyoka wake majanini kama kawaida, akasikia yowe, akakimbilia darasani kungoja Hisabati ife mapema. Hisabati haikufa. Mwalimu akajaza ubao kwa sehemu na desimali, akahamia ukutani, ukuta ukajaa, akaanza kuandika kwenye migongo ya mashati ya dawati la mbele. Jua likasimama dirishani kama mgeni asiyekaribishwa wala kufukuzwa. Viatu vya Semeni vikambana, vikalegea, vikambana tena. Jirani yake akazeeka, akapata wajukuu, akawasamehe watu wote waliomkosea, kisha akarudi kuwa na miaka kumi na sita na kuomba kifutio. Hakuna aliyeshtuka ila Semeni. Dakika zilikuwa zinaingia darasani na hazitoki. Zilizunguka mle, zikasukumana, zikaupanua mchana ukawa mwembamba na mng'avu kama ngozi ya kidonda, na Semeni akajua, kabla hajajua anachojua, kwamba kitu kilichopanuka namna ile hakipanuki milele.

Akatoka bila ruhusa. Alimkuta Bi Mwanaheri ameketi chini ya rimu, nondo imeanguka, nyoka wa mpira kajilaza karibu na mguu wake kama mtoto wake. Vidole viwili havikuwa kwenye kifundo. Kiganja kizima kilikuwa tumboni.

"Nimepoteza hesabu," akasema Bi Mwanaheri. "Mapigo yamehama, mwanangu. Yako huku."

Semeni akaweka mkono. Juu ya kitovu, chini ya khanga, kulikuwa na kitu cha ukubwa wa ngumi, na kitu hicho kilikuwa kinadunda. Hakikudunda kama moyo. Kilidunda kama mtu aliyefungiwa chumbani.

"Tangu lini, Bi?"

"Miezi sasa. Nilidhani ni gesi. Leo uliponitisha kikaruka, na mgongo ukaanza kunipasuka." Akajaribu kutabasamu. "Wewe unasoma vitabu. Dude hili lina jina?"

Mnaojua baiskeli, mmewahi kuona tairi lililochakaa ubavuni, na mpira wa ndani umetokeza pale kama shavu la mtoto. Semeni alikuwa amekata mipira mingi. Alijua kwamba pale palipotuna ndipo pembamba kuliko pote, na kwamba hapaguswi, hapapigwi pampu, na kwamba mwenye akili hashtui kitu hicho kila asubuhi kabla ya Hisabati kwa mihula miwili mfululizo.

Tumefundishwa kupenda upana. Barabara pana, elimu pana, moyo mpana, hotuba za mahafali zimejaa upana. Na wale waganga wa kale, waliokuwa na maneno yote ya kutisha waliyoyataka, walitazama kitu kinachoua watu ghafla wakiwa wanakula au wanacheka, wakakiita kupanuka. Hawakukiita chui. Hawakukiita mwizi. Labda walikuwa wakweli kuliko sisi. Labda waliona kwamba mshipa haufanyi ubaya wowote. Unasukumwa tu, kila siku, mahali palepale, na mtu yuleyule, kwa mzaha, nao kwa upole wake unatoa nafasi. Unatoa nafasi. Unatoa nafasi.

Semeni akaleta toroli na blanketi. Akamlaza Bi Mwanaheri kwa uangalifu ambao hakuwahi kuutumia kwa kitu chochote duniani, hata yai la mtihani wa Maarifa ya Nyumbani. Akasukuma mpaka karibu na lango, akampokeza mpita njia mikono ya toroli, akatokomea. Na yakasemwa haya, Bwana Lubango, unayakumbuka, yalisemwa sasa hivi:

"Jina?"

"Aneurisimu."

"Limefutwa."

"Basi uvimbe."

"Uvimbe unapakwa dawa zahanati. Hautoki."

"Basi mimba!"

Blanketi likanguruma. "Mimba? Na miaka yangu sitini na minne? Lubango, usithubutu kuandika!"

"Siandiki, Bi Mwanaheri. Kwanza blanketi halizungumzi nisipoliuliza, ni utaratibu. Pili, mimi mwenyewe nakuona unavyoteseka, lakini neno likiwa limekufa nitakutoa kwa neno gani? Nikimtoa mmoja bila neno, kesho watatoka mia nne wakadai wanaumwa kiu ya soda."

"Atakufa hapa!" 

"Basi aletwe aliyelidanganyia neno. Nafungua papo hapo. Nani?"

Na hadithi imefika pale tulipo: lango, toroli, jua lilelile. Msimulizi, mpita njia asiyehusika, anaomba kwa unyenyekevu kwamba bawabu, akiwa amesikia jinsi Semeni alivyojuta, na jinsi alivyo mbali sana na hapa, pengine amekimbilia msituni kwa aibu, alihurumie neno na kulifungulia bila kumngoja. Mwisho.

Bwana Lubango hakupiga makofi. Alifunga daftari, kidole kikiwa ndani.

"Simulizi zuri," akasema. "Nimebakiwa na swali dogo. Mpita njia gani anatokea ndani ya shule?"

"Nilipotea."

"Haya. Na ule muhogo. Ukwaju ulikuwa mzito?"

"Mzito, Bwana. Tena chumvi ilizidi, mpaka..."

Upepo ukasimama. Kila kitu kilikuwa kimesimama tangu asubuhi, lakini huo ulikuwa usimamo mwingine.

"Mimi nililiona blanketi likienda," akasema Bwana Lubango polepole, "na nililiona likirudi. Barua ilisema hapakufika mgonjwa. Haikusema muhogo. Haikusema vipande vitatu. Chumvi ya muhogo huijua ulimi ulioula."

Msimulizi akafungua kinywa ili atangaze jambo kubwa kuhusu ujuzi na mipaka yake.

Na sauti ikatoka kwenye toroli, nyembamba, ikivutwa kutoka mbali. "Semeni mwanangu. Mvue huyo mpita njia khanga yangu. Nilikuwa naitafuta tangu Jumapili."

Sikuivua mara moja. Hilo nalo liandikwe. Nilihesabu kwanza. Nilifikiri habari za Mpishi Surua, na Mwalimu Kichomi anavyotazama pembeni. Nilifikiri kwamba siku moja mama yangu atafika, ataulizia langoni, Semeni yupo? na wataangaliana, na watamwambia hapana mtu wa jina hilo hapa. Nikasikia chini ya blanketi lile dude likigonga, kwa haraka, haraka kuliko nyoka yeyote niliyewahi kumtengeneza. Nimetumia maneno mengi sana kufika hapa. Kila aya niliyoipamba aliilipia yeye, kwa mapigo yake. Hata dibaji ile ya kofia na kikohozi, Bwana. Hata hiyo.

Nikavua khanga.

"Jina," akasema Bwana Lubango, kalamu mkononi.

"La uongo au langu?"

"Yote ni mamoja sasa, binti."

"Semeni. Wa Kidato cha Tatu. Sikuwa na mshipa wowote uliotuna. Nyoka pia ni wangu, yule wa mpira, na huyo ndiye wa kwanza kuandikwa, kabla ya muhogo."

"Maana?"

"Kwamba niliweza. Nilikuwa na moyo wa mtu mkononi, ukikimbia nikitaka na kupoa nikitaka, nikadhani ni mchezo wangu."

"Asili?"

Nilijua asili ya Kiyunani, nikaijibu bila kupepesa macho. Hii ilinichukua pumzi mbili, na pumzi mbili zilikuwa nyingi mno.

"Mama hakuja," nikasema. "Wengine wote mama zao walikuja. Yeye Bi Mwanaheri aliushikilia mchana kwa ajili yangu mpaka midomo ikabadilika rangi, nikaona, na nikakasirika kwamba hakuushikilia zaidi."

Bwana Lubango aliandika. Kisha akachovya kitambaa kwenye maji, akaufuta mstari mwekundu polepole. Chini yake neno lilikuwa zima, herufi zake zote, kama mtu aliyekuwa amelala.

"Unajua utakavyoitwa kuanzia leo," akasema, na mkono ukiwa kwenye komeo.

Ninajua. Lifungue, Bwana Lubango. Nimeshika mikono ya toroli. Lifungue sasa, upige kelele mpaka darasani wasikie, niite kwa neno hilo mbele ya shule nzima.

Nitaitika.